Rangi Ibaki au Iondoke? Tuliyojifunza Tukipiga Picha za Watu Unguja na Pemba

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, viwanja vya nyumba hujaa mikeka. Mkeka wa kwanza una karafuu zilizochumwa jana: bado ni za kijani, nyengine zimeingia wekundu wa mbali, ule unaoonesha kuwa shada lilikuwa limefika kuchumwa. Wa pili una za juzi, zimeanza kuungua kwa jua. Wa tatu una za siku ya nne au ya tano, zimekuwa kahawia iliyoiva, na ukiivunja moja inakatika kwa mlio. Pembeni amesimama mwenye karafuu zake, mama wa makamo aliyejitanda kanga, mkono mmoja kiunoni, mwengine umeshika fagio la kusambazia.

Ukimpiga kwa rangi, mtazamaji anaisoma kazi yake kama kalenda: jana, juzi, siku tano nyuma. Ukiigeuza picha hiyo hiyo kuwa nyeusi na nyeupe, kijani kile na wekundu ule vinaangukia kwenye kijivu kimoja. Mikeka miwili ya mwanzo inakuwa kama mkeka mmoja, na mama anabaki amesimama mbele ya kitu cheusicheusi ambacho mgeni hawezi kujua kama ni karafuu, kahawa au kokoto.

Sasa twende Nungwi. Fundi wa majahazi anatia kalafati, amepiga magoti chini ya ubavu wa chombo. Kivuli chake ni turubai la plastiki la buluu lililofungwa kwenye miti minne. Nyuma yake kuna ndoo ya njano na jaba jekundu, na fulana aliyovaa ni ya mpira, ya rangi za kuwaka. Katika picha ya rangi jicho linakwenda kwenye jaba, kutoka hapo kwenye ndoo, halafu kwenye fulana, na uso wa fundi ni kituo cha nne. Hakuna hata moja kati ya rangi hizo inayosema lolote juu ya kazi yake. Ukiziondoa, kinachobaki ni nyuzi za pamba zinazoingia baina ya mbao, patasi na nyundo, na namna anavyokaza taya kila anapopiga. Huyu anastahili nyeusi na nyeupe, na anastahili kupigwa kwa nia hiyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa umesimama mbele ya mtu, kabla hujaigusa kamera, ni hili: rangi iliyopo hapa inamsemea, au inampigia kelele? Tunasisitiza kabla, kwa sababu jibu linabadilisha mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyarudisha baadaye. Ukiamua rangi, unatafuta ukuta usiogombana na kanga yake. Ukiamua nyeusi na nyeupe, unatafuta ukuta uliotofautiana na ngozi yake kwa mwangaza, hata kama rangi zenyewe ni za ovyo. Mtu wa maji ya kunde aliyesimama mbele ya ukuta wa udongo mwekundu anapendeza sana kwa rangi. Iondoe rangi hiyo, shavu na ukuta vinashikana, sikio linapotea, na kichwa hakina tena mwisho. Aliyeamua mapema angemsogeza hatua tatu tu, mpaka kwenye uwazi wa mlango wenye kiza ndani.

Njia rahisi ya kuona tofauti hiyo kwa macho matupu ni kuyafinya macho mpaka kope zikaribie kukutana. Rangi hufifia na unabaki na mwangaza na kiza. Ukiona uso bado unajitenga na kilichoko nyuma yake, nyeusi na nyeupe inawezekana. Njia ya pili ni kuiweka kamera irekodi faili la RAW, yaani faili ghafi, pamoja na JPEG, ile picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera, kisha kuchagua mtindo wa monokromu. Skrini itakuonesha nyeusi na nyeupe, JPEG itatoka hivyo, na RAW itabaki na rangi zake zote. Wengi hukosea hapa: wanarekodi JPEG peke yake katika monokromu, wakifika nyumbani hakuna pa kurudi. Njia ya tatu haihitaji kamera. Jaribu kumsimulia mtu kwa simu picha unayoiona. Kama sentensi ya kwanza au ya pili imebidi itaje rangi, rangi ibaki.

Lile turubai la buluu lina tabu yake peke yake, na tunalitaja kwa urefu kwa sababu sokoni na bandarini limetapakaa. Mwanga unaopita kwenye plastiki ya buluu umeshapunguzwa sehemu kubwa ya wekundu. Ngozi ya mtu nayo, ya rangi yoyote ile, hurudisha zaidi wekundu na umanjano kuliko buluu. Maana yake uso ulio chini ya turubai unaipa kamera wekundu kidogo mno. Mpiga picha anaona uso una ubuluu wa maiti, anasema basi, nitaigeuza nyeusi na nyeupe. Anaigeuza, uso ni mzito, anapandisha kipimo cha nyekundu na cha chungwa ili uso utoke, na zinazotoka ni chenga, kwa sababu anakuza taarifa ambazo kamera haikuzipata. Nyeusi na nyeupe inafuta ubuluu, lakini haileti mwanga ambao haukuwepo.

Dawa ni kufanya kazi palepale. Omba upande mmoja wa turubai ufunguliwe, au mgeuze mtu akabili uwazi badala ya kuupa mgongo. Tandika shuka nyeupe chini au iegemeze upande wa kivuli, urefu wa mkono mmoja hivi kutoka usoni. Fungua histogramu, yaani mchoro wa mwangaza wenye kiza kushoto na mwanga kulia, ile ya rangi tatu kwenye kamera, siyo ile ya jumla, uangalie mlima wa nyekundu: ukiwa umebanana kushoto, ongeza mwangaza stopu 1, yaani mwanga mara mbili, hata kama buluu itakaribia ukingo wa kulia. Buluu ya turubai ikiungua huku nyuma si hasara. Uso ukikosa wekundu, hilo ni pigo.

Mwangaza wa uso ndipo tunapopotezea picha nyingi zaidi, kuliko hata penye uchaguzi wa rangi. Mita ya kamera, kile kipima mwanga chake, inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kile cha kadi ya asilimia 18. Mwanamke aliyevaa buibui akijaa kwenye fremu, kamera inaona weusi, inajaribu kuufanya kijivu, na uso unapauka. Mzee aliyevaa kanzu, kamera inaona weupe, inaupunguza, na uso unazama. Pima kwa nukta, yaani mita isome sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye shavu la upande wenye mwanga. Kwa ngozi nyeusi iliyokolea, weka mita kwenye -1. Kwa maji ya kunde, kwenye 0 au -1/3. Halafu angalia kanzu. Kitambaa cheupe na ngozi nyeusi vikiwa kivulini pamoja vinapishana stopu 3 hadi 4 hivi, na faili la RAW linaweza kubeba yote mawili bila taabu. Ila bega likitoka juani na uso ukabaki kivulini, unaongeza kama stopu 3 nyengine, na hapo lazima kimoja kife. Kwenye nyeusi na nyeupe kanzu iliyoungua inakuwa tundu jeupe kwenye karatasi, na darizi ya shingoni inapotea yote. Msogeze mzee ndani ya kivuli, bega na yote.

Kofia ya viua inataka uangalizi wa karibu. Ni nyeupe juu ya weupe, na kazi yote ya mshonaji imo kwenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Mwanga wa mbele, khasa wa flashi iliyo juu ya kamera, unaifanya kofia iwe bakuli la plastiki. Mwanga wa pembeni, kutoka dirishani au mwisho wa uchochoro, unakipa kila kitundu nukta yake ya kiza na kila mshono mgongo wake mdogo wa mwanga. Hapo rangi haina cha kuongeza. Nyeusi na nyeupe ndiyo inayomlipa aliyekaa wiki kwa wiki akiishona, na ukitumia lenzi ya milimita 85 kwa f/5.6, tundu la lenzi likiwa limebanwa kiasi, viua vya mbele na macho vyote vinabaki vikali. Kwa f/1.8, tundu likiwa wazi, macho yanatoka na kofia inayeyuka.

Juu ya ngozi yenyewe tuseme wazi, maana kuna dhulma humu. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zikajulikana kama kadi za Shirley. Kilichompendeza Shirley ndicho kilichohesabiwa kuwa sahihi. Kadi za Kodak zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kwenye miaka ya 1990. Ndiyo maana ukifungua albamu za zamani za familia zetu, picha za rangi za harusi mara nyingi zina nyuso zilizozama kwenye wekundu au ukijani, na zile za nyeusi na nyeupe za studio zilizotangulia zina nyuso zenye mashavu, paji na macho. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alionesha mbele ya ulimwengu ngozi nyeusi inavyopendeza kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe mtu akijua kuuweka mwanga. Hapa kwetu Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeacha hazina ya sura za Wazanzibari ambazo mpiga picha yeyote kijana angefanya vyema kuzikalia na kuzitazama moja moja.

Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao zaidi kuliko na kivuli. Ule mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye pua na juu ya nyusi ndio unaoupa uso umbo. Kwa hiyo tafuta chanzo kikubwa cha mwanga, kama mlango mkubwa uliofunguliwa au ukuta wa chokaa unaopigwa na jua upande wa pili wa uchochoro, na mkalishe mtu mwanga ukimjia kwa pembe ya digrii 45. Usimfute jasho lote. Usimwangaze kutoka pande zote mbili, maana hapo mng'ao unakufa na uso unakuwa bapa.

Kwenye kompyuta hatari ni nyengine. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina vipimo vinane vya rangi kwa ajili ya nyeusi na nyeupe, na ngozi za watu wote zinakaa zaidi kwenye chungwa, kidogo kwenye nyekundu na njano. Kupandisha chungwa kunamfanya mtu awe mweupe kuliko alivyo. Kushusha kunamfanya awe mweusi kuliko alivyo, na kunakoleza kila kovu na kila kunyanzi. Vyote viwili ni kumwongopea mtu juu ya sura yake. Sisi hatuvuki 15 juu wala chini, na tunapiga fremu moja mwanzoni mtu akiwa ameshika kadi ya kijivu karibu na shavu. Baadaye tukiangalia, shavu likiwa limekuwa jeupe kuliko kadi wakati kwa macho halikuwa hivyo, tunarudisha nyuma. Kadi hiyo hiyo ndiyo inayotupa mizani ya weupe, yaani kipimo cha kufanya cheupe kionekane cheupe, kama picha itabaki ya rangi, kwa hiyo haiwi kazi ya bure.

Kanga ndiyo inayogombanisha watu wa fani hii kwetu, na kwa haki. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ni maneno yanayosomwa. Mara nyingi tunaona jina limeandikwa kwa rangi moja juu ya nyengine zenye mwangaza sawa, mathalani nyekundu juu ya kijani. Kwa rangi unalisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa nyeusi na nyeupe linafutika kabisa. Unaweza kushusha nyekundu na kupandisha kijani mpaka herufi zitoke, lakini ngozi na midomo navyo vina wekundu ndani yake, vinashuka pamoja nao, na umemtia mama kiza usoni ili usome nguo yake. Ikiwa jina la kanga ni sehemu ya anachokisema mwanamke huyo, na mara nyingi hakulichagua bure, picha ni ya rangi na mjadala umekwisha. Kisutu nacho vivyo hivyo. Mwenyeji anakitambua kwa michoro yake hata kikiwa kijivu, lakini ule wekundu na weusi na weupe ndio unaomwambia mtu wa mbali kwamba hapa kuna harusi.

Hina na piko havifanani. Piko ni jeusi, linabaki jeusi kwa namna zote mbili. Hina ina wekundu wa machungwa, yaani iko pale pale palipo na ngozi, na ukipandisha chungwa kidogo tu inayeyuka mkononi mwa bibi harusi kana kwamba hakupakwa. Kama lazima iwe nyeusi na nyeupe, fanya kinyume: kwenye filamu tumia filta ya kijani, na kwenye kamera ya dijitali shusha nyekundu kwa kiasi, hina itakoza. Ila mng'ao wa hina mbichi iliyokwanguliwa jana yake, huo ni wa rangi peke yake.

Mwanga wa mahali petu una saa zake. Tuko digrii 6 hivi kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini baada kidogo ya saa sita mchana. Macho yanakuwa mashimo, pua inaangusha kivuli juu ya mdomo. Watu husema saa hizo ni za nyeusi na nyeupe kwa sababu ni za ukali. Hatukubaliani nao kwa sura za watu: ukali huo unafaa ukuta, ngazi na jahazi, lakini macho yasiyoonekana hayaonekani kwa rangi wala bila rangi. Pumzika, au mpeleke mtu kibarazani. Paje na Jambiani kuna afueni moja, mchanga mweupe unarudisha mwanga kutoka chini na kuyajaza macho. Wakulima wa mwani wakirudi maji yanapoanza kujaa, mwanga huo wa chini ndio unaokuokoa. Na wao tunawapiga kwa rangi, kwa sababu mwani wenyewe una kijani, kahawia na zambarau, na mtu anayejua kilimo hicho anaangalia rangi ya mwani kabla ya kuuangalia uso wa mkulima, akitafuta kama umeanza kupauka kwa maradhi.

Jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi magharibi, kama unataka rangi, usiiachie kamera mizani ya weupe ya otomatiki. Itauona umanjano wa jioni kama kosa na kuufuta. Iweke kwenye Kelvini 5500 na uiache. Kivulini, vichochoroni, 6500 hadi 7500. Angalia pia kuta: ukuta uliopakwa kijani unarusha kijani kwenye shavu lililo karibu nao, na mtu anakuwa na nyuso mbili. Hatua mbili mbali na ukuta zinamaliza tatizo.

Ndani ya maduka na skuli zenye taa za tyubu kuna jambo ambalo limewasumbua wengi bila kulijua. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za aina hiyo zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa spidi ya 1/500, kila fremu inakamata kipande tofauti: moja ya njano, moja ya kijani, nyengine ina bendi ya kiza katikati. Tumia 1/50 au 1/100, mtu atulie. Kama anatembea na huwezi kushuka hapo, nyeusi na nyeupe ni uamuzi wa busara, kwa sababu mchezo wa rangi unatoweka na unabaki mchezo wa mwangaza tu, ambao unarekebishika ikiwa fremu haikupata bendi.

Wakati ni hoja nzito kuliko zote, nayo haipo kwenye kamera. Picha ya nyeusi na nyeupe inamhamisha mtu kwenda zamani. Kijana wa Darajani mwenye simu mkononi, ukimtoa rangi mbele ya mlango wa kuchonga, mtazamaji anamweka mwaka 1960 kabla hajaiona simu. Mji Mkongwe umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo umepigwa picha kama makumbusho na wageni wasiohesabika, wengi wao kwa nyeusi na nyeupe, wengi wakisubiri mpaka baiskeli ya mota ipite ndipo wabonyeze. Watu wanaoishi humo wanalipa kodi leo. Tunapopiga picha juu ya kupanda kwa kodi, kuvuja kwa dari au kijana anayetafuta kazi, tunabaki na rangi, tena tunaacha ndani ya fremu angalau kitu kimoja chenye tarehe: bango la vocha, dishi, sare ya skuli.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo ambao tumejifunza polepole. Wapo wanawake wanaokubali kupigwa picha kwa sharti uso usionekane. Wanageuza shavu, au mkono unafunika. Mpiga picha anadhani ameheshimu sharti, kumbe kanga ya rangi ile, kijijini, inajulikana ni ya nani kama vile jina lake limeandikwa. Kwa picha kama hizo ondoa rangi na punguza ukali wa michoro ya nguo, kisha mwoneshe mwenyewe kwenye skrini kabla hujaondoka, akiri kwa mdomo wake kwamba hatambuliki.

Kuacha kanga peke yake iwe nyekundu na dunia nzima iwe kijivu hatufanyi, na tunawaomba vijana waache. Ni kumshika mtazamaji kichwa na kukigeuza. World Press Photo, wenye mashindano ya picha za habari, nao wanakubali picha iliyogeuzwa yote kuwa nyeusi na nyeupe, lakini mabadiliko ya rangi yanayopotosha kilichokuwepo hawayakubali. Kuchanganya picha za rangi na zisizo na rangi ndani ya mfululizo mmoja wa sura kumi na mbili ni kosa dogo kuliko hilo, lakini linaonekana: mtazamaji anaanza kutafuta sababu kwa nini huyu ana rangi na yule hana, na sababu hiyo haipo. Fanya hesabu ya mfululizo mzima. Ikiwa sura tisa zinataka rangi, zile tatu zivumilie.

Wanaotumia filamu hawana anasa ya kubadili mawazo, na huenda ndiyo maana wanaamua vizuri. Tunatumia filamu ya HP5 Plus ya ISO 400 kwa nyeusi na nyeupe. Dawa ya kusafishia filamu ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 13 kwa nyuzi 20, lakini maji ya bomba huku yanaweza kufika nyuzi 28 au zaidi. Kuyashusha mpaka 20 kwa mifuko ya barafu kunawezekana, ila yanapanda tena kabla dakika 13 hazijaisha, na filamu inatoka na kontrasti kubwa kuliko ulivyotaka, mashavu yakiwa ya chaki. Ni salama zaidi kushusha mpaka 24, kulikalisha tangi ndani ya beseni la maji ya nyuzi hizo hizo, na kukata muda kuwa kama dakika 9. Usishuke chini ya dakika 5 kwa dawa yoyote, dawa haitasambaa sawasawa. Maji ya kusuuzia yawe karibu na nyuzi hizo pia. Ukiyatoa moja kwa moja bombani yakiwa ya moto, utando wa filamu unaweza kukunjamana, na hakuna kinachoukunjua.

Picha ya kumpelekea mwenyewe nayo ina mtego. Maabara za mjini zinasafisha kwa karatasi ya rangi, na picha ya nyeusi na nyeupe ikisafishwa humo aghlabu inatoka na ukijani au uzambarau wa mbali, ambao mgonjwa wa kwanza kuupata ni ngozi. Omba kipande cha majaribio kwanza, kitoe nje ukiangalie kwenye mwanga wa kivuli, siyo chini ya taa ya kaunta. Faili liwe la sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi. Likikataa kutulia, ongeza ujoto kidogo kwa makusudi: kijivu chenye ukahawia mdogo kinasomeka kama nia, chenye ukijani kinasomeka kama kosa.

Na mpelekee mbili. Mzee wako, ukishamwamkia na kumkabidhi ile ya nyeusi na nyeupe uliyoichagua kwa makini, anaweza kukuuliza taratibu, mwanangu, na lile koti langu la rangi? Ana haki. Nakala ya rangi ya inchi 5 kwa 7 gharama yake si kitu, na ndiyo itakayotundikwa ukutani. Ile nyengine, inayokwenda kwenye maonesho au kwenye kumbukumbu, iandike nyuma kwa kalamu isiyofutika, uiache ikauke kabla hujaiweka juu ya mwenziwe: mahali, mwezi, mwaka, kazi anayofanya, na rangi ulizoziondoa. Turubai la buluu. Jaba jekundu. Fulana ya mpira.